Oliver Heaviside: Mzito wa masikio aliyeufanya waya useme wazi

Mfanyabiashara wa Arua anayemtumia mwenzake wa Koboko pesa za simu, na wakala wa forodha anayejaza tamko la mzigo kwenye kompyuta pale Vurra au Oraba, wote wawili wanategemea jambo moja: kwamba ujumbe uliotoka huku utafika kule na sura yake ileile. Tarakimu zikisomwa vibaya njiani, mitambo huukataa ujumbe na kuudai upya, na lori hubaki kwenye foleni.

Ujumbe wa umeme haupotei njiani kama gunia linavyoanguka kutoka kwenye lori. Mara nyingi hufika, lakini ukiwa umevurugika. Aliyeonyesha kwa hesabu kwa nini unavurugika, na nini kifanyike ili ufike salama, hakuwa profesa wala tajiri. Alikuwa karani wa zamani wa telegrafu, hakuwahi kukanyaga chuo kikuu, alikuwa mzito wa kusikia, na mhandisi mkubwa wa serikali ya nchi yake alimfungia mlango. Jina lake ni Oliver Heaviside.

Mtoto wa Camden Town

Heaviside alizaliwa tarehe 18 Mei 1850 katika mtaa wa Camden Town, London. Baba yake, Thomas, alichonga picha za mbao kwa ajili ya magazeti na vitabu, kazi iliyokuwa ikididimia kadiri picha za kamera zilivyoenea. Mama yake, Rachel, alifundisha wasichana nyumbani ili kuongeza kipato. Akiwa mdogo aliugua homa ya vipele vyekundu, na ugonjwa huo ukamwachia masikio mazito. Kucheza na watoto wenzake kukawa kugumu, akazoea kukaa peke yake.

Shuleni alifanya vizuri, hasa katika sayansi, lakini akiwa na umri wa miaka 16 aliacha masomo kwa sababu nyumbani hakukuwa na fedha. Bahati yake ilikuwa upande wa mama. Ndugu wa kike wa mama yake alikuwa ameolewa na Charles Wheatstone, mmoja wa waanzilishi wa telegrafu nchini Uingereza. Kupitia mlango huo kijana aliingia kwenye kazi ya waya. Mwaka 1868 alikwenda Denmark kufanya kazi katika kampuni ya telegrafu iliyokuwa na kebo chini ya Bahari ya Kaskazini, kisha akarudi kuendelea na kazi hiyo Newcastle, upande wa Uingereza.

Hiyo ndiyo kazi pekee ya kuajiriwa aliyowahi kuifanya, na aliiacha mwaka 1874 akiwa na miaka 24. Lakini miaka hiyo sita ilimpa swali ambalo halikumtoka tena. Kebo ile ya baharini iliweza kupeleka ujumbe kwa haraka zaidi upande mmoja kuliko upande wa pili. Waya ni uleule, bahari ni ileile, sasa kwa nini kwenda kuwe tofauti na kurudi? Wengi waliizoea hali hiyo kama dereva anavyozoea shimo barabarani. Heaviside alikaa akaipigia hesabu, akaona kwamba tofauti ilitokana na waya za nchi kavu zilizounganishwa kwenye ncha mbili za kebo, ambazo hazikulingana.

Kupaza sauti hakusaidii

Ili kuelewa uzito wa alichokifanya, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1855 mwanasayansi William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, alionyesha kwamba kebo ndefu hulimbikiza chaji ya umeme kama mtungi unaojaa na kumwagika taratibu. Kwa hiyo ishara inayoingia kama pigo moja fupi hutoka upande wa pili ikiwa imetanuka na kulegea. Ubaya wake ulikua kwa mraba: kebo ikiongezwa urefu mara mbili, ucheleweshaji huongezeka mara nne.

Mwaka 1858 kebo ya kwanza ilipita chini ya Bahari ya Atlantiki kutoka Ireland hadi Newfoundland. Salamu za Malkia Victoria kwa rais wa Marekani zilikuwa na maneno 98, na kuzipeleka kulichukua takriban saa 16. Mhandisi wa umeme wa mradi huo, Wildman Whitehouse, aliona dawa ni kuongeza nguvu. Alisukuma umeme wa volti nyingi mno, na kebo ambayo tayari ilikuwa na kasoro ikafa baada ya wiki chache tu.

Kosa hilo linaeleweka hata sokoni. Chukua msafara unaoondoka Koboko kwenda Arua: bodaboda, lori na mkokoteni, vyote kwa pamoja. Bodaboda itafika kwanza, mkokoteni mwisho. Ukituma msafara mmoja kwa siku, mpokeaji hatachanganyikiwa. Ukituma mmoja kila nusu saa, bodaboda ya msafara wa pili itaupita mkokoteni wa msafara wa kwanza, na anayepokea mzigo Arua hatajua kipi ni cha nani. Kuwapa wote mafuta zaidi hakuondoi mkanganyiko huo.

Ishara ya umeme nayo ni msafara wa namna hiyo. Ndani yake mna mitetemo ya haraka na mitetemo ya polepole. Kwenye waya wa kawaida kila mtetemo husafiri kwa mwendo wake na huchoka kwa kiasi chake. Mwisho wa safari alama moja hulalia juu ya alama inayofuata. Wahandisi wa leo bado wanapambana na adui huyohuyo.

Chumba cha wazazi

Baada ya kuacha kazi, Heaviside alirudi kukaa kwa wazazi wake. Kwa macho ya jirani alikuwa kijana aliyeshindwa maisha. Ndani ya chumba chake alikuwa akisoma kitabu kikubwa cha James Clerk Maxwell kuhusu umeme na sumaku, kilichotoka mwaka 1873. Alikuwa na hesabu za shule tu, akajifundisha zilizobaki mwenyewe. Ilimchukua miaka kadhaa. Alipokimaliza alikwenda mbele ya mwandishi wake: kanuni za Maxwell, ambazo zilikuwa nyingi na zenye kutatanisha, yeye alizifinyanga katikati ya miaka ya 1880 zikawa kanuni nne. Hizo nne ndizo zinazofundishwa leo vyuoni duniani kote, na zinabeba jina la Maxwell.

Kipato chake kilikuwa malipo madogo kutoka gazeti la kitaalamu la The Electrician, alikoandika makala kuanzia miaka ya mwanzo ya 1880. Wasomaji wengi walilalamika kwamba hawamwelewi. Mhariri aliendelea kuyachapa.

Ni katika kazi hizo ndipo alipoipanua hesabu ya Thomson. Thomson alikuwa amehesabu mambo mawili ya kebo: ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia mkondo, na uwezo wa kebo kulimbikiza chaji. Heaviside aliongeza mawili. La kwanza ni indaktansi, ile tabia ya mkondo kukataa kubadilishwa ghafla, kama lori lililojaa lisivyoweza kusimama mara moja. La pili ni uvujaji, umeme unaopenya kwenye ganda la waya na kutoroka.

Mwaka 1887 hesabu ilimpa jibu ambalo halikutarajiwa. Mambo hayo manne yakilinganishwa kwa uwiano maalumu, mitetemo yote itasafiri kwa mwendo mmoja na itachoka kwa kiasi kimoja. Ujumbe utafika ukiwa mdogo, lakini sura yake haitaguswa. Na kitu kidogo chenye sura kamili kinaweza kukuzwa mwisho wa safari. Kwenye msafara wa Koboko, maana yake ni kuwafanya bodaboda, lori na mkokoteni waende kwa mwendo mmoja hadi Arua.

Waya nyingi za wakati ule hazikukaribia uwiano huo, kwa sababu indaktansi yake ilikuwa ndogo mno. Dawa, kwa mujibu wa Heaviside, ilikuwa kuiongeza kwa makusudi. Baadaye alieleza njia mojawapo: kuweka koili za waya kwa nafasi maalumu kando ya njia. Yaani, ili ujumbe ufike wazi, waya uongezewe uzito.

Mlango wa Posta

Hapo ndipo alipogongana na William Preece. Preece alikuwa mhandisi mwenye cheo kikubwa katika Posta ya Uingereza, idara iliyoshikilia telegrafu ya nchi nzima, na baadaye akawa mhandisi wake mkuu. Alikuwa mtu wa vitendo, hakuwa na subira na hesabu ngumu, na alikuwa amesema hadharani kwamba indaktansi ni adui wa simu. Sasa alijitokeza mtu asiye na cheo, anayekaa kwa wazazi wake, akidai kinyume.

Kaka yake Heaviside, Arthur, alikuwa mhandisi wa Posta huko Newcastle. Mwaka 1887 ndugu hao wawili waliandaa makala pamoja kuhusu simu, na ndani yake Oliver aliweka hesabu zake mpya. Kwa kuwa Arthur alikuwa mtumishi wa Posta, ilihitajika ruhusa ya wakubwa. Preece aliizuia. Mwaka huohuo mhariri wa The Electrician aliyekuwa akimwamini Heaviside aliondoka, na mhariri mpya akausitisha mfululizo wa makala zake.

Hakukuwa na mahali pa kukata rufaa. Posta ndiyo iliyokuwa mteja, mwenye waya na mwamuzi. Bila ruhusa yake, hakuna koili hata moja ambayo ingewekwa kwenye njia za Uingereza kwa majaribio.

Waliomwokoa ni wasomi wachache. Mwaka 1888 Oliver Lodge alimsifu hadharani, na Mjerumani Heinrich Hertz akathibitisha kwa majaribio kwamba mawimbi ya umeme yapo kweli, jambo lililoipa nguvu nadharia ambayo Heaviside aliijenga juu yake. Mwanzoni mwa 1889 Thomson mwenyewe, akiwa rais wa chama cha wahandisi wa umeme, alimtaja kwa heshima mbele ya wanachama. Mwaka 1891 Heaviside alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa kabisa kwa mwanasayansi wa Uingereza.

Hata huko hakukaa kwa raha. Alikuwa amebuni njia yake ya kukokotoa, ambamo waya mzima huchukuliwa kama tendo moja linalofanyiwa ishara, na tendo hilo linaweza kugeuzwa ili kupata kilichotumwa. Wanahisabati walimlaumu kwamba hathibitishi kila hatua. Mwaka 1894 Royal Society ilikataa kuchapa sehemu ya tatu ya makala yake juu ya njia hiyo. Wahandisi wa karne iliyofuata waliitumia kila siku.

Faida ikaenda kwingine

Heaviside hakuchukua hataza ya wazo la koili. Lilikuwa limechapwa, na kila mwenye macho angeweza kulisoma. Marekani kulikuwa na waliolisoma. George Campbell wa kampuni ya simu ya AT&T, na Michael Pupin, mhamiaji wa Kiserbia aliyekuwa profesa New York, kila mmoja alipata njia ya kukokotoa koili ziwe na ukubwa gani na zikae umbali gani. Pupin alipata hataza mwaka 1900 na AT&T ikainunua kwa fedha nyingi. Pupin akatajirika. Koili zile zikarefusha sana umbali ambao sauti ya mtu iliweza kufika, na zilikuwemo kwenye njia ya simu iliyounganisha New York na San Francisco mwaka 1915, pamoja na taa za kukuzia ishara.

Heaviside hakupata hata senti. Mwaka 1889 alikuwa amehamia na wazazi wake Paignton, mji wa pwani kusini magharibi mwa Uingereza, wakaishi juu ya duka la vyombo vya muziki la kaka yake Charles. Marafiki walipomtafutia msaada mwaka 1894 aliukataa, kwa kuwa kwake ulinuka sadaka. Mwaka 1896 alikubali pensheni ya serikali ya pauni 120 kwa mwaka, baada ya kuhakikishiwa kwamba ni heshima ya kazi yake.

Mwaka 1902 alitoa wazo jingine. Guglielmo Marconi alikuwa amefanikiwa kutuma mawimbi ya redio kuvuka Atlantiki, na watu walijiuliza yanawezaje kufuata mviringo wa dunia. Heaviside aliandika kwamba huenda juu ya anga kuna tabaka linalopitisha umeme na kuyaongoza mawimbi. Arthur Kennelly wa Marekani alifikia wazo kama hilo mwaka uleule. Uthibitisho wa majaribio ulipatikana mwishoni mwa 1924. Vizazi vya wasikilizaji wa Nile Magharibi waliopata habari za dunia kwa redio ya masafa mafupi, kabla ya mawimbi ya FM kufika, walizipata kwa sababu tabaka za namna hiyo zipo angani.

Miaka yake ya mwisho aliishi Torquay, jirani na Paignton, peke yake, mgonjwa, akigombana na kampuni ya gesi kuhusu bili. Mwaka 1922 alipewa medali ya Faraday, akawa mtu wa kwanza kuipata. Alifariki tarehe 3 Februari 1925 baada ya kuanguka kutoka kwenye ngazi, na akazikwa Paignton katika kaburi la wazazi wake.

Kutoka kebo hadi mkongo

Afrika Mashariki ilikuwa imeingia kwenye mtandao wa kebo mwaka 1879, wakati Heaviside akiwa bado kwenye chumba cha wazazi wake. Kebo ilitoka Aden ikafika Zanzibar, ikaendelea Msumbiji hadi Durban. Karne moja na zaidi baadaye, mwaka 2009, mikongo ya nyuzi za kioo ya TEAMS na SEACOM ilifika Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kwa upande wa Uganda, mkongo wa taifa uliojengwa chini ya mamlaka ya NITA-U ulifikishwa Arua na Koboko katika awamu yake ya nne, kwa fedha za Benki ya Dunia.

Kutoka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500, na mwanga ndani ya uzi wa kioo huzimaliza kwa takriban elfu mbili na nusu ya sehemu za milioni moja za sekunde. Lakini msafara ni uleule. Rangi za mwanga haziendi kwa mwendo mmoja ndani ya kioo. Kwenye uzi wa kawaida, biti bilioni 10 zikitumwa kwa sekunde, baada ya kilomita 80 hivi zitaanza kulaliana kama hazikurekebishwa. Kasi ikipanda mara nne, umbali huo hushuka mara 16. Mraba wa Thomson umerudi kwa mlango mwingine.

Ndani ya mitambo yenyewe hali si nyepesi. Chipu mbili zinazozungumza kwa biti bilioni 25 kwa sekunde hutumia waya mwembamba wa shaba juu ya bodi. Kwa kasi hiyo, biti moja ikiwa safarini haizidi milimita 6, urefu wa punje ya mchele. Waya wa sentimita 30 tu hubeba punje 50 kwa wakati mmoja, zote zikisukumana.

Waya huo hauwekewi koili za Heaviside. Leo kazi inafanywa na mpokeaji, kwa kifaa kinachoitwa kisawazishi. Mwanzoni visawazishi vilirekebishwa kwa mkono. Mwaka 1965 Robert Lucky wa maabara za Bell nchini Marekani alionyesha jinsi kinavyoweza kujirekebisha chenyewe.

Kila mnunuzi wa mazao anaijua kanuni yake. Anayefika kwenye mzani asiouamini haanzi na gunia. Huweka kwanza jiwe la kilo anazozijua, akaona mzani unasoma ngapi, kisha akaondoa tofauti hiyo kwenye kila gunia linalofuata. Kisawazishi hufanya vivyo hivyo. Mtumaji huanza na mfuatano wa biti ambao mpokeaji anaujua tayari. Mpokeaji hulinganisha kilichofika na kilichotarajiwa, akajua kila biti inaacha mabaki kiasi gani juu ya zinazofuata, kisha akayatoa. Na kwa kuwa joto na uchakavu huubadilisha waya, huendelea kujipima na kujirekebisha muda wote ambao biti zinapita.

Heaviside hakukitengeneza kifaa hicho. Alichoacha ni njia ya kuufikiria waya: kwamba uharibifu wa njiani una kanuni, na chenye kanuni kinaweza kurekebishwa. Koili zake zenyewe zilikuja kuwa kikwazo. Intaneti ilipoanza kupitishwa kwenye waya za simu miaka ya 1990, mafundi wa nchi zilizotumia koili kwa wingi walilazimika kuziondoa, kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu na ziliizuia mitetemo ya haraka ambayo data huihitaji. Waliozifungua walipima kwanza waya unavyoivuruga ishara, kisha wakatafuta dawa inayolingana nao. Ndivyo Heaviside alivyotaka Posta ifanye mwaka 1887.